Jinsi ya Kupima Nafasi Yako Kabla ya Usaili wa Chuo cha Muziki Marekani

Anayetaka kusomea muziki katika chuo cha Marekani karibu kila mara huanza kwa kutafuta asilimia ya waombaji wanaokubaliwa, na asilimia hiyo humpotosha. Ni kweli kwamba Juilliard ya New York hukubali chini ya mtu mmoja katika kila kumi, na kwamba Curtis ya Philadelphia, yenye wanafunzi wapatao 160 tu, huchukua wachache zaidi. Lakini ndani ya takwimu hiyo moja wamechanganywa waimbaji wa soprano (sauti ya juu ya kike), wapiga piano, wapuliza basuni (ala ndefu ya kupuliza yenye sauti nzito) na watunzi, watu ambao hawashindani wao kwa wao hata kidogo. Mpuliza basuni na mwimbaji wa soprano wanaweza kuomba shule moja katika mwaka mmoja, mmoja akawa na nafasi mara nane ya mwenzake, na wote wawili wakasoma asilimia ileile kwenye tovuti.

Nafasi yako hupimwa kwa ala, kwa mwalimu na kwa mwaka. Hatua zifuatazo zinafuata mpangilio huo, na ni vyema kuzianza mwaka mzima kabla ya usaili, au odisheni kama wengi wanavyouita.

Hatua ya kwanza: fahamu ni nani atakayeamua

Konsavatori zinazojitegemea, yaani shule za muziki zisizo chini ya chuo kikuu, kama vile Juilliard, Curtis, New England Conservatory ya Boston na Manhattan School of Music, huamua zaidi kwa yale ambayo jopo la walimu limeyasikia chumbani. Alama za shule ya sekondari hutazamwa, lakini ni nadra zimwokoe aliyepiga vibaya. Katika vyuo vikuu vyenye shule ya muziki ndani yake, kama Northwestern, Rice, Michigan au University of Southern California, kuna milango miwili: jopo la muziki na ofisi ya udahili ya chuo kizima. Mwalimu wa chelo anaweza kukutaka kwa moyo wote na bado chuo kikakukataa kwa sababu ya alama za hisabati. Kwa hiyo, unapoomba chuo cha aina hii, pima kila mlango peke yake, kisha uchukulie kwamba nafasi yako haiwezi kuzidi ile ya mlango ulio mwembamba zaidi.

Berklee ya Boston ina utaratibu wake: usaili wa kupiga huambatana na mahojiano, na muziki wa jazi, wa popu na uwezo wa kubuni papo hapo vina uzito ambao huwezi kuukuta katika shule ya muziki wa klasiki.

Tofautisha pia aina ya shahada. Shahada ya muziki ya kitaaluma, ambayo sehemu kubwa ya masomo yake ni muziki, karibu siku zote hudai usaili. Shahada ya sanaa yenye muziki kama somo kuu, inayotolewa na vyuo vingi, mara nyingi haina usaili wa kuingilia, au usaili wake ni mwepesi zaidi. Wengi hupuuza njia hii kwa sababu ya fahari tu, ingawa baadhi ya waliopitia humo huendelea hadi shahada ya uzamili katika konsavatori kubwa.

Hatua ya pili: hesabu viti

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo waombaji wengi wanapopita mbio. Mwalimu wa ala hufundisha kila mwanafunzi peke yake kwa saa moja hivi kwa juma, na mwalimu wa kudumu hawezi kuchukua zaidi ya wanafunzi kama ishirini. Orkestra ya shule nayo inahitaji idadi maalumu ya kila ala. Mambo hayo mawili ndiyo huamua ni nafasi ngapi zitafunguka, na nafasi hufunguka pale tu mtu anapohitimu au kuondoka.

Tuchukue mfano wa kubuni wa darasa la filimbi lenye wanafunzi kumi na wanne, tisa wa shahada ya kwanza na watano wa uzamili na uzamivu. Mwaka huu wanahitimu wanne: wawili wa shahada ya kwanza na wawili wa uzamili. Mwalimu, kama walivyo wengi, anataka kulinda uwiano huo, hivyo viti vya wanaotoka sekondari ni viwili. Waombaji tisini wanatuma video za mchujo, thelathini wanaitwa kusikilizwa, na jopo linatoa barua nne za kukubali kwa kuwa linajua kwamba nusu ya waliochaguliwa watakwenda shule nyingine. Nne kati ya tisini ni kama asilimia nne na nusu. Nne kati ya thelathini ni asilimia kumi na tatu. Anayesema kwamba nafasi yake ni asilimia nne na anayesema ni kumi na tatu wote wako sahihi, kutegemea wanazungumzia kabla ya mchujo au baada yake.

Sasa nenda kwenye chumba cha pili, kwa mwalimu wa basuni. Ana wanafunzi sita, wawili wanahitimu, na walioomba ni kumi na wawili. Kumi wanaitwa, wanne wanapewa barua. Hapo ni mmoja kati ya watatu tangu mwanzo. Hali ya namna hii huonekana pia, kwa viwango tofauti, kwa obo, ambayo ni jamaa ya zumari yetu, kwa viola, kwa besi kubwa ya nyuzi, na kwa waimbaji wa tenor, yaani sauti ya juu ya kiume, ambao kila onyesho la opera linawahitaji na hawatoshi. Filimbi, piano na soprano ziko upande wa pili wa mizani. Hata hivyo, uchache wa ala hauondoi kiwango cha chini. Shule yenye jina huona ni heri kukodi mpulizaji wa nje kwa tamasha moja kuliko kumchukua kwa miaka minne mtu ambaye hajafikia kiwango.

Utazipata wapi tarakimu za shule yako? Nyingi ziko wazi. Programu za matamasha ya orkestra huorodhesha wapigaji kwa majina na kwa ala. Ukisoma za mihula miwili utajua darasa lina watu wangapi. Kalenda ya maonyesho ya wanafunzi ni ya thamani zaidi, kwa maana onyesho la mwisho la shahada hutajwa hivyo katika programu, nawe utajua nani anaondoka. Kisha chunguza mabadiliko ya walimu. Mwalimu mpya anayejenga darasa anaweza kuhitaji wanafunzi wengi kwa mpigo, ilhali anayekaribia kustaafu, au anayeingia mwaka wa mapumziko ya kitaaluma, huenda asichukue yeyote. Lililosalia liulize moja kwa moja kwa barua pepe ya sentensi tatu: jina lako na ala yako, mwaka unaotarajia kuanza, na swali, “Je, unatarajia kuwa na nafasi ngapi za shahada ya kwanza mwaka huo?” Walimu wengi hujibu. Asiyejibu pia hajakunyima kitu.

Idadi ya waombaji ni ngumu kuipata, lakini ofisi ya udahili ya shule ya muziki, ukiipigia simu kwa adabu, mara nyingine hutaja makadirio ya ala husika.

Hatua ya tatu: isome orodha ya vipande kama kipimo

Kila shule huchapisha vipande inavyovitaka, na orodha hiyo inasema mengi kuliko maelezo yote ya kujisifu yaliyoizunguka. Shule inayomtaka mpiga fidla alete kaprisi (kipande kifupi cha ufundi mgumu) ya Paganini, miondoko ya Bach ya fidla pekee na koncheto (utungo wa mpigaji mmoja pamoja na orkestra) kubwa ya karne ya 19 imekwisha kukuonyesha sakafu yake. Shule inayoomba vipande viwili vya mitindo tofauti imeacha mlango wazi zaidi.

Jiulize swali moja: kile ambacho shule inakitaja kuwa cha chini kabisa, kwako ni cha kawaida au ni kilele? Kama umekipiga vizuri mara moja tu, nyumbani, baada ya kupasha vidole kwa saa nzima, hicho ni kilele chako, na siku ya usaili hakuna afikaye kileleni. Kipande ambacho ungeweza kukipiga saa mbili asubuhi baada ya safari ya basi, na bado kikasimama, ndicho kiwango chako halisi.

Baadhi ya waombaji hujaribu kupanda daraja kwa kuchagua kipande kigumu. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa linaloangusha wengi walio na uwezo. Majopo yamezisikia koncheto za Mozart za filimbi na klarineti mara mamia, na huzidai kwa makusudi, kwa sababu katika nota hizo zinazoonekana rahisi hakuna mahali pa kuficha mwendo unaoyumba wala sauti iliyokosa umbo.

Hatua ya nne: jirekodi bila kukata, kisha usubiri

Weka simu mbali nawe hatua nne, bonyeza, piga programu nzima ya usaili kwa mfululizo, usirudie chochote. Ifunge rekodi hiyo kwa siku saba. Kuisikiliza papo hapo hakusaidii, maana sikio bado linasikia ulichokusudia.

Siku ya nane chukua karatasi, chora safu tano: usahihi wa nota na wa sauti, mwendo, ubora wa sauti, nguvu na upole, na mtindo. Sikiliza safu moja kwa kila mzunguko, yaani mara tano. Katika mzunguko wa mwendo washa metronomu, chombo kinachogonga mapigo sawasawa, kandokando ya rekodi. Mara nyingi utaona kwamba mistari myepesi inakimbia na migumu inalegea, ukarukia mistari miwili ya mwisho kwa nafuu ya kumaliza. Jopo husikia hilo kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye safu ya nguvu na upole, andika kila mahali nota zinapodai sauti ya chini, halafu uweke alama pale tu ambapo mtu asiye na karatasi mbele yake angeitambua tofauti hiyo. Wengi hubaki na alama mbili au tatu kwa ukurasa mzima.

Kisha fanya jaribio la pili. Mwambie mtu, hata asiyejua muziki, akukatize baada ya sekunde arobaini na kukuelekeza sehemu nyingine ya kipande, au kipande kingine kabisa. Usaili mwingi ni wa dakika kumi au kumi na tano, na jopo hukatiza kila mtu ili lisikie mengi. Anayejua kipande kuanzia mwanzo tu, kama mtu anayehesabu alfabeti, huumbuka hapo. Usisahau skeli na kusoma nota papo hapo pale shule inapovitaja. Ni sehemu ndogo ya alama, lakini kati ya watu wawili waliolingana ndiyo inayoamua.

Rudia rekodi kila mwezi. Jambo linalotabiri nafasi yako vizuri kuliko rekodi moja ni mwelekeo wa rekodi nne.

Hatua ya tano: tafuta masikio ya mbali

Mchezea kwao hutuzwa. Sifa za kanisani, za shuleni na za jamaa ni tuzo ya namna hiyo na hazipimi kitu. Hata mwalimu wako wa kila juma ana udhaifu: anakukumbuka ulivyokuwa miaka mitatu iliyopita, na anapokusikia anasikia safari yote. Usimwulize, “Nimeiva?” Mwulize, “Kama ungekuwa na kiti kimoja na waombaji thelathini, ungenipa mimi? Kwa nini hapana?” Sehemu ya pili ya swali humpa ruhusa ya kusema ukweli.

Kipimo kilicho karibu zaidi na usaili wenyewe ni somo la majaribio kwa mwalimu wa shule unayoiomba, ana kwa ana au kwa video. Wengine hulitoa bure, wengine hulipisha, hivyo uliza mapema. Namna ya kuyasoma yanayotokea inahitaji uangalifu. “Umepiga vizuri” ni salamu. Kukosolewa sana kunaweza kuwa dalili njema, kwa kuwa mwalimu hapotezi nguvu zake kwa mtu asiyemwona darasani mwake. Jambo analolipima hasa ni kama unabadilika: amekwambia ushike pumzi kwa namna nyingine, je, jaribio la pili limesikika tofauti, na la tano bado limekumbuka? Akikuuliza umeomba shule gani nyingine, au unapanga kulipaje, anaanza kukuweka katika hesabu zake. Asipouliza, usikate tamaa kwa hilo pekee. Hakuna mwalimu, hata mkuu wa idara, anayeweza kukuahidi nafasi, kwani jopo hupiga kura na waombaji wengine bado hawajasikilizwa.

Fanya pia ulinganisho ambao watu hawaupendi. Shule nyingi huweka hadharani maonyesho ya wanafunzi wao. Tafuta ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika ala yako, uache ya waliohitimu, kwa sababu miaka minne ya chuo imekwisha kuwabadilisha. Sikiliza watatu, kisha rekodi yako, kisha mmoja tena. Kama wewe ni wa tatu kati ya wanne, uko katika mashindano. Kama tofauti inasikika tangu mstari wa kwanza, itie shule hiyo kwenye kundi la ndoto na uendelee. Kambi za kiangazi, kama Interlochen kule Michigan au ile ya vijana inayoendeshwa na Boston University huko Tanglewood, hutoa ulinganisho huohuo kwa wiki kadhaa, kwa walio na uwezo wa kuzifikia.

Hatua ya sita: tumia mchujo wa video kurekebisha makadirio

Katika shule nyingi kubwa maombi na video hufungwa tarehe 1 Desemba au karibu na hapo, majibu ya mchujo hutoka kati ya Desemba na Januari, na usaili hufanyika kuanzia Januari hadi mapema Machi. Majibu ya mchujo ndiyo habari ya kwanza ya kweli unayoipata kutoka kwa wenye kuamua. Ukiitwa na shule nne kati ya sita, ulijipima vyema, na kila moja ya hizo nne sasa ina nafasi kubwa kuliko uliyoiandika mwanzoni. Ukikataliwa na zote, ikiwemo uliyodhani ni ya uhakika, chunguza kwanza video yenyewe, kwa kuwa maikrofoni inayobana sauti au mpiga piano wa kusindikiza anayeburuta huweza kumwangusha mtu mzuri. Vikiwa sawa, kiwango ndicho kilichokosewa, na bado kuna muda wa kuongeza vyuo vinavyopokea maombi hadi baadaye.

Hatua ya saba: andika makadirio mawili, la kuingia na la kumudu

Kukubaliwa bila uwezo wa kulipa ni sawa na kutokubaliwa, na si vyema kuligundua hilo Aprili. Curtis haijatoza ada ya masomo tangu 1928, na konsavatori ya Colburn ya Los Angeles huwagharimia wanafunzi wake ada, malazi na chakula. Ndiyo sababu mojawapo ya foleni zao kuwa ndefu. Kwingineko ufadhili wa kipaji hutolewa kulingana na usaili na uhitaji wa ala yako mwaka huo, na hapo yule mpuliza basuni anarudi kuwa na nguvu: huenda akapewa nusu ya ada mahali ambapo mpiga filimbi aliye hodari kumzidi amekubaliwa bila hata senti. Mwombaji kutoka nje ya Marekani aulize mapema kama anastahili msaada wa aina gani, kwa sababu misaada ya serikali ya shirikisho kwa kawaida haimhusu.

Kwa kila shule, basi, andika namba mbili. Kwa mfano: kuingia, asilimia thelathini; kuingia na kuweza kulipa, asilimia kumi. Panga orodha yako kwa namba ya pili.

Hatua ya nane: pima orodha nzima

Mtu mwenye shule nne, kila moja ikiwa na nafasi ya asilimia kumi na tano, akikokotoa kwa kanuni ya kawaida atapata kwamba uwezekano wa kuingia angalau moja ni asilimia arobaini na nane. Hesabu ni sahihi ila dhana yake ina kasoro. Majopo hayo manne yatasikia mtu yuleyule, mwenye mwendo uleule unaokimbia kwenye mistari myepesi. Likikukataa la kwanza kwa sababu hiyo, la pili lina sababu ileile. Uwezekano halisi uko chini ya arobaini na nane, na kuongeza shule ya tano na ya sita za daraja hilohilo hakuupandishi kwa kiasi unachotarajia. Kinachoupandisha ni kuchanganya madaraja: shule mbili za ndoto, tatu ambazo wanafunzi wao wa mwaka wa kwanza wanasikika kama wewe, na mbili ambazo kiwango chao cha chini ni cha kawaida kwako, mojawapo ikiwa ile ya shahada ya sanaa isiyohitaji usaili. Zaidi ya nane hazibebeki. Tarehe za usaili hugongana, na uchovu wa safari unasikika kwenye sauti.

Baada ya kutoka chumbani

Usizisome nyuso za jopo. Anayetabasamu huwatabasamia wote, na anayeinamia karatasi anaandika tu. Ndani ya saa moja andika ulichopiga, walichokatiza, walichoomba urudie na swali lolote waliloliuliza, kwa ajili ya usaili wa wiki inayofuata.

Majibu mengi hufika kabla ya au karibu na tarehe 1 Aprili, na tarehe ya kawaida ya kujibu ni 1 Mei. Ukiwekwa katika orodha ya kusubiri, rudi kwenye hesabu ya viti. Katika darasa dogo, mtu mmoja tu akichagua shule nyingine kiti kinaweza kukufungukia wewe. Katika darasa la piano lenye waliokubaliwa wengi, shule huenda ilikwisha kutoa barua za ziada na haitahitaji mtu wa kusubiri hata mmoja. Mwandikie mwalimu mara moja, kwa ufupi, kwamba bado unaitaka nafasi hiyo na kwamba utakubali ukipewa, ikiwa kweli utakubali, na umwulize uko wa ngapi katika ala yako. Wakati huohuo thibitisha nafasi uliyonayo tayari kwingine kabla ya 1 Mei.